Meno ya Mzee Mbaruku Mbele ya Baraza

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kunataka kibali, na dirisha la vibali limefungwa tangu yule mwenye ufunguo apandishwe cheo akapewa ufunguo mwingine. Siyo nchi mbaya, msije mkafikiri nawasengenya watu. Mvua inanyesha, mihogo inaota, watu wanaoana na kuachana kama kwingine. Serikali wanayo, tena kubwa, ndefu, inafika kila mahali. Siku moja ikafika mpaka ndani ya kinywa cha mzee mmoja mpiga zumari, akiitwa Mbaruku Kitete.

Mzee Mbaruku alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache na macheko mengi. Kati ya meno yake mawili ya mbele, ya juu, alikuwa na mwanya ambao mkewe Bi Nyamvula alisema ndio uliomponza. "Nilikwenda kumkataa," alikuwa akiwasimulia wanawake wenzake, "mwanamume akacheka. Basi, kwisha habari yangu."

Sasa kwao huko bi harusi hatoki nyumbani kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Anasimama mlangoni, mguu mmoja umevuka kizingiti, mwingine uko ndani, na huo wa ndani hauvuki mpaka zumari la nyumbani kwao limlilie. La nyumbani kwao, siyo la kukodi. Mzee Mbaruku aliwalilia dada zake watatu, akawalilia binti zake wawili, akawalilia na mabinti wa majirani ambao hawana mpulizaji, ila hao walikuwa kwanza wanafanywa binti zake kwa nusu siku. Akabaki mmoja tu, mjukuu wake Saumu. Mama yake Saumu alifariki mtoto bado anatambaa, kwa hiyo babu na bibi ndio waliomfuta kamasi na kumpeleka shule. Posa ilipokuja, mahari ikakubaliwa, wakamwuliza binti anataka nini. Vitanda? Makabati? Akasema, "Mimi sitaki kitu. Nataka babu anililie mlangoni."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana meno ya mzee yalikuwa yameshaondoka. Yaliondoka mojamoja, bila kuaga, na mawili ya mwisho, yale ya mwanya, yalibaki kwenye hindi la kuchoma. Na zumari bila meno halipulizwi. Midomo inakunjika kwenda ndani, upepo unatoka pembeni, linabaki kulia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeutangaza kuwa Mwaka wa Tabasamu la Taifa. Kila wilaya ikapewa fundi mmoja wa meno ya bandia mwenye leseni, na hao wengine waliokuwa wakitengeneza siku zote wakaambiwa wakalime. Wilaya ya Mzee Mbaruku ikampata Fundi Kirobo. Alikuwa fundi mzuri, siwezi kumsingizia. Ila sheria ilitaka mteja alipe kwanza, yote, kabla ya kuiona kazi, kwa sababu iligundulika kuwa wateja wanaolipa baada ya kuiona kazi huwavunja mafundi moyo. Mzee Mbaruku akauza mbuzi wawili, akalipa.

Akakalishwa kwenye kiti, akang'ata nta, Fundi Kirobo akamwagia plasta, ukatoka mfano wa kinywa chake. Mzee akamwomba jambo moja.

"Mwanangu, niachie mwanya wangu. Mkubwa kama huu," akaonesha kwa ukucha.

"Usijali, baba. Nitakuachia mwanya wa kupitisha baiskeli."

Yule fundi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Haandiki majina. Mifano ya plasta aliipanga kwenye rafu, wa kwanza ni wa kwanza, wa pili ni wa pili, na meno akayatengeneza kwa mpangilio huohuo. Mtindo mzuri, haujawahi kumtupa. Lakini siku hiyohiyo, plasta ya mzee haijakauka, gari likasimama nje, miavuli ikafunguliwa ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali, na katikati ya miavuli akaingia mheshimiwa mmoja anayeumwa fizi. Mzee Mbaruku akaondoka kwenye kiti kabla hajaambiwa. Ndivyo walivyolelewa nchi ile. Akija mheshimiwa, mtu anapisha kiti, gari linapisha njia, na mgonjwa anampisha mheshimiwa ugonjwa. Mheshimiwa akang'ata nta yake, akaenda zake. Na Fundi Kirobo, kwa adabu, akaupisha hata mfano wa plasta: akauchukua wa Mzee Mbaruku pale nafasi ya kwanza, akausogeza ya pili, wa mheshimiwa akauweka wa kwanza. Halafu akaenda kula.

Baada ya siku nane mzee akaitwa kuchukua meno yake. Akayavaa mbele ya kioo nyumbani.

Bi Nyamvula akamtazama. Akazunguka, akamtazama na upande wa pili.

"Mume wangu," akasema, "hayo meno ni yako au umemshikia mtu?"

Yalikuwa makubwa, yamebanana, hayana mwanya hata wa uzi. Midomo haikufunga. Alipotaka kusema neno, meno ya juu yalishuka kumsikiliza. Alipoweka zumari kinywani, Saumu aliyekuwa anapepeta mchele uani akaziba masikio kwa nyuma ya mikono, kisha akajifanya anajikuna ili babu asione. Babu akaona.

Harusi ilikuwa imebakiza wiki saba.

"Chukua hayo meno," Bi Nyamvula akamwambia, "chukua na mkungu wa ndizi hapo nje, rudi kwa Fundi Kirobo, mwambie mwanangu umekosea, rekebisha. Magharibi haijafika umeshayavaa."

"Nimhonge ndizi mtu niliyemlipa?"

"Siyo hongo. Ni ndizi."

"Nyamvula, hii ni haki yangu. Nikienda kwa kubembeleza nitakuwa nimeinunua mara mbili."

"Na ukienda kwa njia nyingine?"

"Nitapewa bure."

Bi Nyamvula akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini mzee hakuyatoa maneno hayo kichwani mwake. Yalitoka redioni. Redio ya nchi hiyo ilikuwa na mwanamke mmoja mwenye sauti ya asali, kila baada ya taarifa ya habari alisema, "Mwananchi, usinung'unike, shitaki! Baraza Tukufu la Kuridhika kwa Mteja linakusubiri." Tena mwaka huo kunung'unika bila fomu kulikuwa kosa, na kumrudia fundi wewe mwenyewe na kazi yake mbovu kuliitwa kumvizia mtoa huduma, miezi mitatu ndani. Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa sheria. Na ukweli wenyewe, kitu kilimkaa kooni. Miaka yote alipisha kiti, alipisha njia, alipisha foleni. Safari hii alitaka japo mara moja mtu amwambie mbele za watu: wewe Mbaruku umedhulumiwa.

Akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda Barazani.

Pale dirishani alimkuta Karani Fumo, kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushitaki."

"Hongera. Lalamiko lako ni dogo, kubwa, au la kizalendo?"

"Tofauti yake nini?"

"Dogo lina foleni ya miaka miwili. Kubwa halina foleni ila halisikilizwi. La kizalendo linasikilizwa mwezi huuhuu, lakini lazima uanze kwa kuishukuru serikali."

Mzee akaishukuru serikali. Karani akaandika, akagonga muhuri, kisha akatandaza kitambaa cheusi mezani.

"Haya, nipe meno."

"Ya nini?"

"Ndiyo kidhibiti, mzee wangu. Bila kidhibiti tutajuaje kama unalalamika?"

Mzee akayatoa. Yakafungwa kwenye bahasha, yakapigwa lakiri, yakaandikwa Kidhibiti Namba Moja. Alasiri ileile askari wawili wakaenda kwa Fundi Kirobo, wakabeba tupa zake, plasta, nta, mifano yote ya rafuni, hata kile kiti, wakaufunga mlango kwa utepe. Mzee hakulijua hilo. Alirudi nyumbani kifua mbele, midomo imeingia ndani, akamwambia mkewe, "Wamenipokea vizuri mno."

Siku ya kusikilizwa ikafika. Barazani kulijaa watu, maana huko kesi ni kama ngoma, mtu anaweza kutoka kijiji cha nne kuja kutazama tu. Hakimu akaingia. Mheshimiwa Hakimu Tawakali Ndumbo, Msuluhishi wa Daraja la Kwanza, Mwenye Nishani ya Subira. Siku hiyo hakuwa na subira. Shavu moja lilikuwa limevimba, na kila akisema maneno mawili alisimama kidogo, akafumba macho, kama mtu aliyekanyaga moto.

"Mlalamikaji aape," akasema, akafumba macho.

Kiapo cha Baraza kina maneno mia na kumi, na kanuni inataka kila moja litamkwe likamilike. Mzee Mbaruku akaanza. Kati ya kila maneno mawili, moja lilitoka upepo mtupu. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha cheko.

"Simama," akasema Hakimu. "Kiapo hakijatimia. Shauri limeahirishwa mpaka mlalamikaji apate meno."

"Mheshimiwa, meno ndiyo hayo hapo mezani."

"Hayo ni kidhibiti. Hayawezi kutumika kabla haijathibitishwa kuwa hayatumiki."

Watu wakapiga makofi. Hata Mzee Mbaruku alipiga kidogo, maana lilisemwa vizuri. Alipokuwa njiani kurudi ndipo alipoanza kulitafuna lile neno kwa fizi, akaona halina kitu ndani.

Zikapita wiki mbili. Karani Fumo, ambaye hakuwa na roho mbaya, akafukua kwenye makabati akapata kanuni ya zamani: mlalamikaji asiye na matamshi anaweza kuteua kinywa mbadala. Mzee akamteua mkewe. Bi Nyamvula akapewa beji ya kubandika kifuani, imeandikwa KINYWA. Hakuitaka. Alikwenda kwa sababu harusi ilikuwa imebakiza wiki moja, na mtu wake alikuwa hali vizuri, halali vizuri, na kila alfajiri anakwenda nyuma ya choo kujaribu kupuliza, halafu anarudi kimya.

"Kinywa cha mlalamikaji kinasemaje?" akauliza Hakimu.

"Kinasema tumechoka, twende nyumbani."

"Hayo ni maneno ya mlalamikaji?"

"Ya mlalamikaji ni kwamba meno hayamwenei. Ya kwenda nyumbani ni ya kinywa."

Hakimu akaamuru maneno ya kinywa yafutwe, ya mlalamikaji yabaki. Kisha akaita mtaalamu wa meno wa Baraza atoe maoni. Karani akasimama akasema mtaalamu yuko ng'ambo kwa miaka mitatu, anasomea tabasamu.

"Basi," akasema Hakimu, "kwa mujibu wa kanuni, pasipo na mtaalamu, mtaalamu ni mimi."

Akavuta saraka ya meza yake. Akaingiza vidole kinywani, akatoa meno yake mwenyewe, madogo, akayatupa sarakani kwa hasira kama mtu anayetupa kokoto iliyokuwa kwenye kiatu. Akavunja lakiri ya Kidhibiti Namba Moja. Akayasuuza yale meno kwa glasi ya maji ya kunywa. Akayavaa.

Hakimu akafunga kinywa, akafungua, akafunga tena. Akagonganisha, ka, ka, ka. Uso wake ukaanza kulainika kidogokidogo kama samli karibu na moto.

"Leteni muwa," akasema.

Ukatafutwa muwa. Hakimu akaumenya kwa meno mbele ya watu wote, akatafuna pingili tatu, makapi akamkabidhi karani kuwa kumbukumbu. Alipomaliza alikuwa anacheka. Alikuwa hajacheka miezi mingi. Akawaachia palepale wezi wawili wa kuku ambao kesi yao ilikuwa haijaitwa.

"Waungwana!" akasema, na sauti yake ilikuwa safi, imenyooka. "Nimeyaonja maisha ya kidhibiti hiki. Haya ni meno kamili. Ni meno ya kujivunia. Dosari haiko kwenye meno. Dosari iko kwenye kinywa cha mlalamikaji, ambacho kwa taarifa zilizopo hakikushirikiana nayo."

Lakini Mzee Mbaruku hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama anatazama saraka, ambayo haikufungwa. Yale meno madogo yamelala chali juu ya kalamu na risiti, na katikati, mbele, juu, yana mwanya. Mwanya wa ukucha mmoja. Akamshika mkewe mkono, akamwonesha kwa kidevu.

Bi Nyamvula alisimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, hayo yaliyo humo sarakani ni ya mume wangu. Na hayo uliyovaa ni yako wewe. Fundi aliyachanganya. Mwanya ule naujua, nimekaa nao miaka arobaini na moja. Mpe yake, baki na yako, tukapike harusi."

Watu wote wakageuka kumtazama Hakimu. Kwa kitambo kidogo, nawaambieni, jambo lile lingeweza kuisha. Lilibaki la mkono kunyooka tu, kutoka saraka mpaka ukingo wa meza.

"Mama," akasema Hakimu polepole, "unasema mimi nilikuwa natembea na meno ya mwananchi?"

"Nasema ulipewa kwa makosa."

"Hakimu hapewi kwa makosa. Na saraka ya hakimu ni sawa na mpaka wa nchi. Ukitaka kudai kilichomo, fungua shauri jipya."

"Nani atalisikiliza?"

"Mimi."

"Na mshitakiwa nani?"

"Mimi pia. Lakini siku hiyo nitakuwa naumwa." Akaifunga saraka. "Hukumu ya shauri hili itasomwa Jumamosi, kilele cha Wiki ya Haki, saa mbili asubuhi. Asiyehudhuria atakuwa ameitupa haki ya taifa, na adhabu yake inajulikana."

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya harusi.

Walipotoka wakapita kwa Fundi Kirobo. Walimkuta amekaa kwenye ngazi ya duka lake lililofungwa utepe, anauza machungwa ya kumenywa. Mzee aliona aibu, akataka kupita. Bi Nyamvula akamshika kanzu.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama," akasema Kirobo. Hakusimama.

Bi Nyamvula akamweleza yote: saraka, muwa, mwanya. Fundi akajipiga kofi la paja.

"Siku ile ya miavuli! Niliusogeza mwenyewe kwa mkono wangu. Nikajisemea nisije nikamkosea adabu mheshimiwa." Akacheka, halafu cheko likamwisha. "Baba, ungerudi kwangu siku ile ningeangalia mara moja tu nikajua. Ningekwenda kwa mheshimiwa kwa mlango wa nyuma, nikabadilisha, kila mtu akala wali wake."

"Nilikuwa nimekulipa," mzee akasema kwa upepo.

"Ulinilipa, ndiyo."

"Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo, baba. Nani kasema hukuwa nayo?"

"Basi nitengenezee mengine. Nitauza kitanda."

Kirobo akaonesha utepe mlangoni. "Kwa vifaa gani? Tupa ni kidhibiti cha pili. Plasta ni cha tatu. Kiti changu anakalia karani. Wanangu wawili wamerudishwa nyumbani, shule wanasema baba yao ana kesi na taifa." Akachukua chungwa, akalikata, akampa mzee. "Kula, hili laini."

Mzee Mbaruku alilishika lile chungwa mpaka nyumbani. Hakulila.

Usiku wa kuamkia Jumamosi wala sisemi waliongea nini, mtu na mkewe. Asubuhi mzee alivaa kanzu, akalifunga zumari ndani ya kitambaa, akalitia kwapani. Karani Fumo alikuwa amempelekea habari: hukumu ni fupi, kidhibiti kitarudishwa, saa nne atakuwa huru, naye karani atajitahidi kwa yale ya sarakani. Bi harusi anatoka saa tisa. Wakwe wametoka mbali, wana mto wa kuvuka, na kivuko cha mwisho hakimsubiri mtu.

Saumu alikuwa amekwisha kupakwa hina, amefunikwa, haruhusiwi kusema na wanaume. Akamwita kutoka nyuma ya pazia. "Babu, usiende."

"Nisipokwenda watanifuata hapahapa, mwanangu. Wakukute mlangoni wananifunga kamba? Nakwenda, narudi na meno. Wewe simama tu, utanisikia."

Hukumu haikuwa fupi. Ilianza na historia ya taifa, ikapita kwenye kuumbwa kwa meno, ikawashukuru wafadhili. Saa saba Hakimu akafika penyewe.

"Baraza limejiuliza: je, meno ni mabovu? Hapana. Je, mteja amesikitika? Ndiyo, na sikitiko lake ni la kweli, tumeliona machoni. Na kwa kuwa nchi yetu haiwezi kuvumilia mwananchi asikitike bure, Baraza linatamka kwamba mlalamikaji Mbaruku Kitete ame-shin-da!"

Watu wakaruka. Vigelegele. Mzee akabebwa juu juu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu mkubwa alikuwa amesema mbele za watu kuwa yeye kadhulumiwa. Alitafuta moyoni mwake ile furaha aliyokuwa akiiwazia wiki zote hizo, akapapasa, hakuiona.

"Sasa fidia," akaendelea Hakimu. "Fundi ataomba radhi kwa barua. Kidhibiti Namba Moja, kwa kuwa kimethibitika kuwa na manufaa kwa umma, kitabaki katika utumishi wa umma." Akayagonganisha, ka, ka. "Mshindi atapewa hati, na atapigwa picha na Hakimu kwa ajili ya gazeti. Picha ya tabasamu."

Mzee akainua mkono. Kinywa chake siku hiyo hakikuwepo, kilikuwa kinapika pilau ya wageni. Akaonesha saraka. Akaonesha zumari. Akaonesha jua.

Karani Fumo akamnong'oneza Hakimu. Hakimu akafikiri, kisha akanyoosha uso kwa huruma, maana mpiga picha hakuwa amefika na huruma ilikuwa inamkaa vizuri.

"Nimekumbushwa kwamba mshindi hana meno ya kutabasamia. Basi mimi binafsi, kwa hiari yangu, namsaidia mzee huyu masikini meno yangu chakavu." Akafungua saraka. "Asaini hapo kuwa amepokea msaada."

Mzee akasaini kwa dole gumba. Akayavaa.

Yalimwenea. Yalikaa kwenye fizi kama yameota hapo. Akapitisha ulimi kwenye mwanya, ukapita.

"Nakwenda, Mheshimiwa," akasema, na kila neno likatoka zima. "Mjukuu wangu ananingoja mlangoni."

"Picha kwanza. Mshindi anayeondoka kabla ya picha ameudharau ushindi."

Mpiga picha alikuwa kwenye kilele kingine cha Wiki ya Haki, wilaya ya jirani. Saa nane hakuja. Saa tisa hakuja. Mzee alikaa kwenye kiti cha Fundi Kirobo, katikati ya askari wawili, zumari mapajani, anatazama kivuli cha mlango kinavyorefuka. Saa kumi na robo gari likaja. Wakampanga, wakamnyoosha kola, Hakimu akamwekea mkono begani.

"Tabasamu, mzee. Zaidi. Onesha huo mwanya."

Akatabasamu. Picha ile ilitoka nzuri sana, mpaka leo imetundikwa kwenye ofisi zote za nchi hiyo.

Njia ya kurudi alikimbia. Mzee wa umri ule, kanzu ameishika mkononi. Watu waliokuwa wakitoka harusini walimpungia. "Hongera, Mzee Mbaruku! Tumesikia redioni umeshinda!" Wengine walitazama mchanga.

Uani kulikuwa na viti vilivyotawanyika na sinia za pilau zilizokombwa. Bi Nyamvula alikuwa amekaa kwenye kizingiti peke yake, miguu ameinyoosha. Akamwona mumewe anavyohema. Akayaona na meno.

"Amekwenda?" mzee akauliza.

"Amekwenda."

"Saa ngapi?"

"Alisimama hapa saa tisa," akasema Bi Nyamvula, akapapasa jiwe la mlangoni. "Mguu mmoja nje. Wakwe wakasema bibi, kivuko. Wakasema lipo zumari la kukodi hapo kwa jirani, akatikisa kichwa. Wakaleta ile redio yenye maspika, akatikisa kichwa. Amesimama zaidi ya saa nzima na mguu mmoja, mtoto wa watu, jasho linamtoka mpaka hina ikachuruzika. Kila mbwa akibweka huko barabarani anainua shingo chini ya ushungi."

Mzee akafungua kitambaa. Akashika zumari. Lilikuwa linapulizika sasa. Meno yalikuwapo, upepo ulikuwapo.

"Halafu akatoka vipi? Nani alimlilia?"

"Hakuna. Alitoka kimya." Bi Nyamvula akanyanyuka, akajipangusa kanga, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mimi ndiye niliyemwambia avuke. Nenda kanishitaki."